Vazi la Kale katika Ngoma za Kiangazi Kisesa

Katika mijadala mingi ihusuyo utamaduni wa taifa, mavazi hutajwa mwishoni. Lugha hutangulia, zikafuata ngoma, ushairi, uchongaji na hadithi, na hapo ndipo msemaji hukumbuka kuongeza maneno mawili matatu juu ya nguo. Maneno yenyewe aghalabu ni ya kulalamika: kwamba vijana wamepotoka, kwamba vazi la asili limesahauliwa, kwamba hapana budi lirudishwe. Ni nadra kumsikia msemaji huyo akitueleza vazi hilo la asili ni lipi, lilifungwa namna gani, na lilipendeza kwa sababu gani. Shairi hatulihukumu hivyo. Mtu akitunga shairi tunatazama vina, tunahesabu mizani, tunauliza kama neno lililotumika ndilo lililotakiwa mahali pale. Mcheza ngoma aliyejipamba naye ametunga kitu, na anastahili mhakiki wa kumtazama kwa makini kama hayo. Katika kurasa hizi nakusudia kujaribu kufanya hivyo kwa mavazi ninayoyafahamu kuliko mengine, yaani yale yavaliwayo wakati wa kiangazi katika mashindano ya ngoma ya Wasukuma huko Kisesa.

Kisesa ninayoitaja ni ile ya Wilaya ya Magu, kilometa kama 20 hivi kutoka mjini Mwanza kwa barabara iendayo Musoma. Si ile ya Meatu. Hapo pana Bujora, penye Makumbusho ya Wasukuma. Padre David Clement, mzaliwa wa Kanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, alifika Bujora katika miaka ya 1950, na kwa kushirikiana na wazee wa Kisukuma alikusanya ngoma za watemi, viti, mikuki, mapambo na vyombo vya nyumbani, mpaka makumbusho yakafunguliwa mwaka 1968. Kadhalika hapo ndipo ilipokulia sherehe ya Bulabo. Jina hilo maana yake ni maua. Asili yake ni maandamano ya sikukuu ya Ekaristi, ambamo maua yalitandazwa njiani, kisha ngoma zikaingia na hatimaye zikawa ndizo zinazowaleta watu wengi. Huwa ni mwezi wa Juni. Mvua zimekatika, mtama na mahindi vimeingia ghalani, pamba inachumwa, na mtu ana nafasi na pengine ana fedha kidogo mfukoni. Anga haina wingu na vumbi limekwisha kuamka.

Asiyezijua ngoma hizi hana budi kuelezwa kwanza namna zinavyoshindana, maana bila kulijua hilo hawezi kuyaelewa mavazi yake. Wachezaji wa Kisukuma wamegawanyika katika vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu. Masimulizi huviunganisha vyama hivyo na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana kwa dawa na kwa ngoma. Chini ya vyama hivyo kuna vikundi vya aina nyingi: wapo wacheza na majembe, ambao ngoma yao ni bugobogobo, wapo banungule, ambao asili yao ni wawinda nungunungu, wapo bayeye, mafundi wa nyoka, ambao mtaalamu Hans Cory aliandika juu yao mwaka 1946. Siku ya mashindano vikundi viwili huingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na ngoma zikaanza kulia pamoja. Watazamaji wako huru kwenda huku na kurudi kule. Kikundi chenye umati mkubwa ndicho kilichoshinda.

Fikiri basi, ndugu msomaji, hali aliyo nayo manju wa kikundi. Watu anaowataka wako ng'ambo ya uwanja, na migongo yao imemwelekea yeye. Sauti yake haiwafikii sawasawa kwa sababu ngoma ya mpinzani inalia vilevile. Ndiyo maana tangu zamani manju walitafuta vitu vya kustaajabisha: sanamu za mbao zenye mikono inayochezeshwa, nyoka hai, vitendo vya hatari, na mavazi. Vazi katika uwanja huu halikukusudiwa kumstiri mtu tu, wala halikukusudiwa kumwonyesha mgeni kwamba mvaaji ni Msukuma. Wote waliopo ni Wasukuma na wanajuana. Lilikusudiwa kumfanya mtu aliye hatua mia mbili ageuze shingo. Hicho ndicho kipimo cha kwanza ninachokitumia, na nadhani ndicho kipimo ambacho wenyewe walikitumia.

Kwa kipimo hicho tazama rangi. Mwezi wa Juni na kuendelea, nchi ya Usukuma huwa na rangi moja. Majani yamekuwa ya manjano iliyofifia, udongo ni wa kijivu au wa kahawia, mawe makubwa ya Mwanza nayo ni ya kijivu, na vumbi linapopanda hufunika vyote hivyo kwa pazia la rangi ileile. Wazee waliojipamba kwa ajili ya kiangazi walichagua rangi tatu ambazo hazipatikani katika mandhari hiyo: nyeupe, nyekundu, na ile nyeusi yenye ubuluu ya kaniki. Shanga nyeupe juu ya kaniki huonekana kutoka mbali kama maandishi ya chaki ubaoni. Duara jeupe lililokatwa katika kombe la baharini, likivaliwa kipajini au kifuani, hulirudisha jua kila mchezaji anapogeuka. Shaba mkononi hufanya vivyo hivyo. Wala si macho peke yake yaliyofikiriwa. Njuga za miguuni huhesabu hatua. Usinga wa mkia wa ng'ombe huurefusha mkono na kuendeleza mwendo wake baada ya mkono wenyewe kukoma. Mgolole uliofungwa bega moja huacha bega la pili wazi lipate upepo, jambo ambalo mtu aliyecheza mchana kutwa kwenye jua la kiangazi halihesabu kuwa dogo. Katika vazi zuri la ngoma hakuna kitu kilichokaa bure. Nimewaona wachezaji wa bugobogobo, watu wazima, waliokuwa na vitu vinne tu mwilini: kaniki kiunoni, misururu miwili ya shanga nyeupe iliyopishana kifuani, njuga, na jembe mkononi. Jembe liliporushwa juu na kudakwa, shanga zilikuwa zingali zinarudi mahali pake. Sijaona vazi lililotungwa vizuri kuliko hilo, na gharama yake haikuwa kubwa.

Hapa ndipo linapozuka swali ambalo walimu wengi huniuliza: je, vitu hivyo vyote ni vya asili? Jibu lake huwashangaza. Kaniki ilikuwa nguo ya pamba iliyotiwa nili, na ililetwa bara na misafara kutoka pwani. Nguo nyeupe iliyoitwa merikani ilipata jina hilo kwa sababu ilifumwa Marekani. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliileta Unguja tangu miaka ya 1830, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipoikatiza, Uingereza na India wakajaza nafasi yake. Shanga za kioo zilitoka Venice na Bohemia. Makombe yalitoka Bahari ya Hindi, na kauri vilevile. Masango ya shaba yalibebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma wenyewe. Katika orodha yangu ya vitu vinne hapo juu, kilicho cha karibu zaidi ni jembe, maana wahunzi wa Kirongo, upande wa magharibi ya Ziwa, waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa Usukuma kote. Vingine vilivuka bahari.

Tena havikupokelewa ovyo. Mwingereza Richard Burton, aliyepita Unyamwezi katika miaka ya 1857 na 1858, aliandika kwamba shanga zilizokuwa katika biashara zilifika aina 400 hivi, kila moja na jina lake, na kwamba msafiri aliyebeba aina isiyotakiwa mahali fulani aliweza kukosa hata chakula. Shanga nyekundu zilizoitwa samesame zilipendwa mahali pengi. Nyingine zilipendwa msimu mmoja zikakataliwa msimu uliofuata. Henry Stanley alipopiga kambi Kageye, kando ya Ziwa, mwaka 1875, nguo, shanga na masango ndivyo vilivyokuwa fedha yake. Wanawake na wanaume wa nchi hii ndio waliopanga bei kwa kukubali na kukataa. Mtindo, neno ambalo leo tunalidhania kuwa la vijana wa mjini, ulikuwa na nguvu katika vijiji vya Usukuma kabla gari moshi halijafika Mwanza. Basi kinachoitwa vazi la kale hakikutokana na vitu vya kale pekee. Kilitokana na namna ya kuchagua: nini kikubaliwe, kiwekwe wapi, kifuatane na nini. Vitu viliweza kutoka popote, lakini mpangilio ulikuwa wa hapa.

Jambo hili si la kupitisha wakati. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa waamuzi katika shindano la ngoma za shule za sekondari. Katika karatasi tulizopewa palikuwa na alama za vazi, na maelezo yake yalikuwa maneno mawili: vazi la asili. Kikundi kimoja cha wasichana kilivaa kaniki kuukuu, nyingine zimepauka, ambazo dhahiri zilitoka katika masanduku ya bibi zao. Kwa kuwa hawakuwa na makombe wala shanga za kutosha, walikuwa wameshona vifungo vyeupe vya mashati kwa safu, kuanzia kiunoni hadi kwenye pindo, vikubwa chini na vidogo juu. Walipozunguka, safu zile zilifunguka na kufungana. Njugani walikuwa wametumia vifuniko vya chupa za soda vilivyopigwa vikawa bapa na kutobolewa. Kikundi cha pili kilivaa magunia ya katani yaliyochanwachanwa chini, nyuso zimepakwa chokaa, na vichwani manyoya ya kuku. Wenzangu walikipa kikundi cha pili alama za juu kabisa. Kile cha kwanza kilikatwa alama kwa sababu, kama mmoja wao alivyoeleza, vifungo na vifuniko vya soda si vitu vya asili. Nilipinga, nikashindwa kwa kura, na matokeo yakasomwa.

Sina neno baya na watoto waliovaa magunia, walivaa walichofundishwa. Lakini vazi lile ni lazima lihakikiwe, maana limeenea shule nyingi mno. Kwanza, halikumbuki mtu yeyote. Babu zetu hawakuvaa gunia la katani. Mkonge wenyewe uliletwa nchini na Wajerumani mwaka 1893 kwa ajili ya mashamba, na gunia ni chombo cha kutilia mazao. Vazi hilo limebuniwa na mtu aliyewaza kwamba mtu wa zamani alikuwa mtu wa matambara. Pili, na hili kwangu ni zito zaidi, halifanyi kazi uwanjani. Rangi ya gunia ni rangi ya vumbi. Mchezaji aliyelivaa wakati wa kiangazi hupotea katika ardhi anayoikanyaga, na ukimtazama kutoka mbali huoni kitu isipokuwa chokaa ya usoni. Halina uzito wa kuyumba wala wepesi wa kupepea; halitoi sauti; humwasha mvaaji shingoni. Wale wasichana wa vifungo walikuwa wamefanya hasa walilolifanya bibi zao: walichukua kitu kidogo cheupe kilichotoka kiwandani ng'ambo, wakakipanga kwa akili ya hapa juu ya nguo nyeusi. Hata kifungo si kigeni katika historia hiyo, maana vifungo vya mashati vilikwisha kuwa mapambo katika nchi nyingi za Afrika tangu viliposhuka kwenye majahazi na meli. Karatasi yetu ya alama iliwaadhibu kwa kuujua utamaduni wao.

Mwalimu atakayetaka kulivisha kundi lake bila gharama kubwa anaweza kuanza hapo. Kaniki ingali inauzwa. Bafta nyeupe ni rahisi. Vifungo, mbegu kavu, vipande vya bati, vyote vinafaa maadam vimetafutiwa mahali pake. Jambo moja la kuangaliwa ni shanga za plastiki, ambazo sasa zimejaa madukani. Rangi zake ni nyingi na bei yake ni ndogo, lakini hazina uzito. Shanga ya kioo inapovaliwa kwa wingi huchelewa kidogo nyuma ya mwili, na kule kuchelewa ndiko kunakolipa bega la mchezaji ule mtikisiko wa pili ambao mtazamaji huuona bila kujua umetoka wapi. Ya plastiki huenda na mwili na kusimama nao, wala hailii. Asiye na njia ya kupata kioo na achanganye: plastiki kwa rangi, na kitu kizito kidogo kwenye ncha za misururu. Vitambaa vinavyong'aa vya nailoni na poliesta nisingevishauri kabisa. Vinapendeza asubuhi, ifikapo saa nane mchana vimegandamana na mgongo na mchezaji hana raha tena.

Mwenzangu mmoja katika utumishi, mtu ninayemheshimu, huniambia kwamba nikifungua mlango huo nitashindwa kuufunga: leo kifungo, kesho miwani ya jua. Namjibu kwamba miwani ya jua imekwisha kuingia. Nimeiona Kisesa zaidi ya mara moja, pamoja na filimbi za waamuzi wa mpira, kofia za askari, tai, na koti la suti lililovaliwa juu ya kifua kitupu chenye shanga. Nguo nyingi za namna hiyo hutoka katika mitumba ya soko la Mlango Mmoja mjini Mwanza, na katika koti kuukuu la miaka hamsini iliyopita, lenye kola pana, manju mwerevu huona kitu ambacho mshonaji wake wa Ulaya hakukiona. Nguo hizo zamani tuliziita kafa Ulaya. Sikatai kwamba biashara yake imeviumiza viwanda vyetu. Mkoa unaolima pamba ulikuwa na kiwanda chake, Mwatex, kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1960, na kilipodidimia, nguo iliyokuwa ikifumwa kutokana na pamba ya hapa ikapungua, huku soko likijaa mitumba baada ya milango ya biashara kulegezwa mwaka 1984 na kuendelea. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuikomesha mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuziondolea nafuu ya ushuru, na mwaka 2018 ni Rwanda peke yake iliyoendelea kushikilia ushuru wa juu na kupoteza nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Hayo ni mambo ya uchumi, na yana uzito wake. Lakini mhakiki anaulizwa jambo jingine: je, koti lile limekaa vizuri?

Na jibu ni kwamba mara nyingine limekaa, na mara nyingine halikukaa. Mzee mmoja wa Bagalu niliyemwona alivaa miwani myeusi pamoja na misururu ya shanga nyeupe na usinga. Miwani ile ilimwondolea macho, ikamfanya awe kama sanamu ya mbao, na alipoivua ghafla katikati ya wimbo, umati ulipiga kelele. Miwani ilikuwa na kazi. Kijana mwingine, siku hiyohiyo, alivaa miwani ya namna ileile kwa sababu tu alikuwa nayo. Aliisukuma puani kila mara isianguke, na mkono uliotakiwa kushika jembe ukawa na shughuli nyingine. Kibaya zaidi ni zile fulana zenye matangazo ya wafadhili, ambazo vikundi hupewa asubuhi ya siku ya ngoma na kuagizwa wazivae. Fulana ikivaliwa juu ya shanga huzificha. Ikivaliwa chini yake huzifanya zionekane kama takataka zilizonasa juu ya maandishi. Wachezaji ishirini waliokuja na mapambo ishirini tofauti hugeuka ghafla kuwa ubao mmoja. Kama ni kulinda utamaduni, hapo ndipo penye kazi, kuliko kwenye miwani ya yule mzee.

Serikali yetu ina historia ndefu katika jambo hili, na ni vema wanafunzi waijue bila kupambwa. Mwalimu Nyerere alipohutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962 alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasikitika kwamba wasomi walikuwa wakijua dansi za kigeni kuliko ngoma za kwao. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza tarehe 1 Januari 1969, dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na dawa za kujichubua. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba mambo hayo yanauvunja utamaduni wetu. Lakini miaka hiyohiyo palikuwa na kampeni nyingine iliyowataka Wamasai waache rubega na vazi lao, wavae suruali na mashati, kwa kuwa vazi lao lilionekana kuirudisha nchi nyuma. Binti wa Dar es Salaam alikatazwa nguo kwa kuwa ni ya kigeni mno, na Mmasai alikatazwa yake kwa kuwa ni ya kienyeji mno. Katikati palibakia kipande chembamba sana cha nguo iliyoruhusiwa.

Jukwaani mambo hayakuwa tofauti. Kikundi cha Ngoma cha Taifa, kilichoanzishwa baada ya uhuru na kuvunjwa wakati Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kilipokuwa kinaanza, mwaka 1981, kilifanya kazi kubwa ya kuzipeleka ngoma za makabila mbele ya taifa zima, na bugobogobo ni mojawapo ya zile zilizopata umaarufu huo. Lakini jukwaa lilidai sare. Wachezaji walivaa kitambaa kimoja, urefu mmoja, rangi moja, na mtindo huo ukarithiwa na vikundi vya mashirika, vya majeshi na vya shule. Naelewa kwa nini. Mbele ya mgeni rasmi, safu iliyonyooka hupendeza. Uwanjani Kisesa, hata hivyo, sare ni udhaifu. Mtazamaji anayehama kutoka umati mmoja hadi mwingine havutwi na safu, huvutwa na mtu mmoja. Vikundi bora vya Bulabo huifahamu siri hiyo: hupatana juu ya rangi mbili tatu, kisha kila mmoja huachiwa atunge lake ndani ya rangi hizo, kama washairi wanaopewa kina kimoja na kila mmoja akaja na beti zake.

Kuhusu ngozi sitasema mengi. Zamani chui, nyani na chatu walivaliwa, na picha za makumbusho zinaonyesha hivyo. Leo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuwa na nyara hizo bila kibali, na ni haki iwe hivyo. Kilichoingia badala yake ni kitambaa chenye madoa ya chui kilichopigwa chapa kiwandani, nacho kinapingwa na wengi kwa kuwa ni cha bandia. Mimi nakikubali kikitumiwa kidogo, mathalani ukanda kichwani au kiunoni, ambako doa husomeka kama ishara. Gauni zima la madoa hunichosha macho. Ngozi ya mbuzi na ya ng'ombe haikatazwi na mtu, tena ndiyo iliyovaliwa na watu wa kawaida kabla ya kaniki. Ajabu ni kwamba wanaoitumia ni wachache, pengine kwa sababu haina fahari ya mtemi.

Fahari hiyo ya watemi imerudi kwa nguvu katika miaka hii. Sheria iliyofuta utawala wa machifu ni ya mwaka 1963, na kwa muda mrefu mavazi yao yalikaa makumbushoni tu. Kisha Septemba 2021, papa hapa Kisesa, machifu waliokusanyika kutoka sehemu mbalimbali za nchi walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan kwa jina la Hangaya. Tangu hapo nimeona mapambo ya kitemi yakitengenezwa mapya kwa wingi, na si kwa machifu pekee. Hata vijana wanaofunga ndoa mjini Mwanza huyaagiza. Mengi yameshonwa kwa haraka. Kauri zimegandishwa kwa gundi badala ya kushonwa, nazo hudondoka kabla karamu haijaisha. Duara la kombe limekatwa katika plastiki nyeupe, ambayo haina ule mwanga wa ndani wala mzunguko wa mistari unaoonyesha namna konokono alivyokua. Lililonisumbua kuliko hayo ni kwamba aliyevaa hakujua kwa nini amevaa kipajini kitu ambacho kingine cha namna hiyohiyo kiliwekwa kifuani. Alikuwa ameonyeshwa picha, akaiga.

Anayetaka kujua zaidi ya picha hana budi kwenda Bujora, ambako jengo moja limewekewa vitu vya vyama vya ngoma, na vitu vya Bagika na Bagalu vinaweza kulinganishwa mahali pamoja. Ninawashauri walimu wawapeleke wanafunzi huko mwezi wa Mei, kabla ya sherehe, si siku yenyewe ya sherehe ambapo hakuna anayeweza kusimama mbele ya kabati kwa utulivu. Wawape kazi ya kuchora, kwa sababu mkono unaochora hulazimika kuuliza: shanga ngapi nyeupe ndipo ije nyekundu, uzi ni wa nini, tundu limetobolewa upande gani. Kisha wanafunzi warudi vijijini kwao wakawaulize bibi zao maswali hayohayo. Wapo wanawake wa Kisesa, Bujashi na Kayenze wanaokumbuka kushona misururu ya ukoo mzima kabla ya ngoma za kiangazi, na ambao wangali wanaweza kueleza mpangilio kwa vidole bila kutazama. Uzi wao wa zamani ulikuwa wa kamba za mmea zilizosokotwa juu ya paja. Siku hizi hutumia uzi wa nyavu za kuvulia dagaa, nao husema ni bora zaidi, haukatiki kwa jasho.